Gemu za Kunusurika: Tulieni, Muone Kina Chake

Wiki iliyopita mhusika wangu katika UnReal World alitoka kwenye majira ya baridi akiwa mzima. Ana nguo za ngozi, ana mbwa, na ukutani mwa kibanda chake nyama ya moshi bado inaning'inia. Wanaoijua gemu hii wataelewa ninasema nini. Wasioijua nitawaeleza, maana kwa muda mrefu nimeandika humu kuhusu mambo mengine na hili nikaliweka moyoni kwa kuchelea kuchekwa. Sasa sichelei tena.

Najua wengi mnaonisoma mko kama mimi. Hamchezi ili usiku upite tu. Mnataka kuielewa gemu mpaka kwenye mifupa. Kama ni hivyo, gemu za kunusurika, zile za njaa, kiu na baridi, ndizo zenu. Sisemi zile zinazojulikana na kila mtoto. Nasema zile zilizotupwa pembeni kwa sababu sura zake hazivutii.

UnReal World ni kazi ya Mfini anayeitwa Sami Maaranen. Aliitoa mara ya kwanza mwaka 1992, na mpaka leo yeye na mwenzake Erkka Lehmus bado wanaiongezea vitu. Katika Steam, duka la gemu la mtandaoni, iliingia mwaka 2016, ikiwa na umri wa mtu mzima mwenye familia yake. Mahali pake ni nchi za kaskazini katika Enzi ya Chuma, zilizochorwa kwa mfano wa Ufini ya kale. Ukiifungua unaona vigae vidogo vya rangi: msitu, kinamasi, ziwa, na kijitu kimoja katikati. Hakuna mshale wa kukuonyesha pa kwenda. Ukifa umekufa, unaanza upya na mtu mwingine.

Hapo ndipo wengi huifunga, na wanakosa mambo makubwa.

Chukueni jambo moja tu, nyama. Umemuua elki, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye mwili wa ng'ombe. Aliyezoea gemu za kawaida atadhani kazi imekwisha: bonyeza, nyama iingie mfukoni, njaa iondoke. Huku kazi ndiyo kwanza inaanza. Umchune, na mkono usiojua kazi unaiharibu ngozi ambayo utaihitaji kwa nguo. Kisha una rundo la nyama mbichi ambayo kiangazi kitaiozesha kabla hujala hata robo. Kuikausha kwa upepo kunataka hewa ya baridi, na sasa ni joto. Chumvi ipo, lakini iko kwa wafanyabiashara, nao hawatoi sadaka. Unabaki na moshi. Moshi unataka nyumba yenye meko ndani. Nyumba inataka magogo. Magogo yanataka shoka la maana, na shoka la maana liko kijijini, unalipata kwa kubadilishana na ngozi, zile zile ambazo ungeziharibu kwa haraka yako. Na moto wenyewe huuwashi mara moja ukaenda zako. Unaurudia siku baada ya siku, kwa hiyo huwezi kutoka mbali na nyumbani, kwa hiyo kuni ziwe tayari zimepangwa kabla hata hujamwona huyo elki.

Nyanya yangu alikuwa akitengeneza ng'onda. Anampasua samaki mgongoni, anatoa matumbo, anamsugua chumvi mpaka kwenye mikunjo ya kichwa, kisha anamtandaza juani. Halafu anakaa hapo hapo na kijiti mkononi kwa ajili ya kunguru, macho yakienda angani kila wingu linapopita. Mimi nilikuwa nikiona mwanamke ameketi tu. Niliponing'iniza nyama ya kwanza katika gemu hii nikajikuta najiuliza maswali yake yote: chumvi iko ya kutosha? Hewa ya leo ikoje? Nikiondoka, nani atabaki hapa? Mtu wa Ufini aliyekaa mbele ya kompyuta yake ameniuliza maswali ya mwanamke wa Mji wa Kale hapa Mombasa, na mimi nikamjibu. Niambieni ni gemu gani ya magari imewahi kuwafanyia hivyo.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: tulieni. Msikimbilie kuua mnyama mkubwa. Tazameni kwanza mna nini na kila kimoja kinahitaji nini.

Nimeumizwa kwa ajili ya gemu hizi, na nitalisema. Kulikuwa na kibanda cha gemu mtaani kwetu, kile cha kulipia kwa saa, viti vya plastiki, feni moja na kelele tupu. Mwenyewe alikuwa na kompyuta moja pembeni ambayo hakuna aliyeitaka. Mimi nikaitaka. Nilikuwa nalipa kama wengine, nacheza gemu yangu kimya. Siku moja akaniambia mbele ya vijana wote kwamba kompyuta ile anaiondoa aweke skrini ya mpira, kwa sababu gemu yangu haiiti wateja: mtu akisimama nyuma yangu haoni kitu ila kijitu kinakata kuni. Walicheka wote. Baadaye nikamfuata mwandaaji wa mashindano ya hapa pwani nikamwomba meza moja tu, niwaonyeshe watu gemu za aina hii. Akanijibu, "Hizo si gemu, hizo ni kazi za shamba." Mpaka leo jibu lile liko hapa kifuani.

Lakini leo wanaoniandikia usiku kuniuliza wafanye nini na mhusika anayetetemeka kwa baridi ni wengi, na baadhi yao walikuwa kwenye viti vile vya plastiki.

Mpwa wangu ni mmoja wao. Alikuja likizo akaniambia, "Mjomba, nipe moja nikuonyeshe ilivyo rahisi." Nikampa NEO Scavenger. Hii aliitengeneza Daniel Fedor, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya gemu ya BioWare kabla ya kuanzisha studio yake ndogo ya Blue Bottle Games, na ilitoka rasmi Desemba 2014. Uko katika jimbo la Michigan, Marekani, dunia imeshaharibika. Unaamka katika chumba walikogandishwa watu, huna kumbukumbu, umevaa gauni la hospitali na huna chochote mkononi. Kabla ya kuamka unachagua ujuzi kwa pointi chache ulizopewa. Mpwa wangu akachukua nguvu na kupigana. Elimu ya mimea akaiacha, utegaji akauacha, akasema hayo ni ya wazee.

Alitoka nje mvua inanyesha. Akapata kiatu kimoja. Katika gemu hii kiatu cha kushoto na cha kulia ni vitu viwili mbalimbali, na anayekipata kimoja hana jozi. Yeye akakiacha. Akapata mfuko wa plastiki wa dukani, akauacha pia, eti takataka. Sasa, mfuko ule ndio unaokuwezesha kubeba vitu ambavyo viganja viwili haviwezi, na ukiushika, mkono huo mmoja hauna tena nafasi ya silaha. Kila kitu kina gharama yake. Mvua ikamlowesha, usiku ukaingia, hana kibiriti, hana kuni kavu. Nguvu zake zote za ngumi hazikupata wa kumpiga. Alikufa kwa baridi, na skrini ikamweleza hivyo kwa maneno machache.

Akaanza tena, safari hii akanusurika na baridi, akanywa maji ya mtoni bila kuyachemsha. Tumbo likamkamata. Hapo akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni kama nyumbani." Mtoto wa Mombasa hahitaji kuelezwa maji ya kisima yasiyochemshwa yanafanya nini mvua kubwa zikija. Alilijua tangu utotoni kwa sababu mamake humfokea kila siku kuhusu sufuria ya maji ya kunywa. Hakutegemea tu kwamba gemu nayo italijua.

Huo ndio undani ninaousema. Kila kitu kimeshikana na kingine, na hakuna anayekuambia. Mvua inaingia kwenye nguo, nguo zinaleta baridi, baridi inataka moto, moto unataka kuni kavu, kuni unazitafuta ukiwa na njaa. Ukivuta uzi mmoja unavuta na mingine yote. Katika gemu nyingi za bei kubwa mvua ni pambo la skrini.

Ushauri wa pili, ambao naona unafanana na wa kwanza lakini acha niuseme: someni vitu vyenu. Fungueni orodha ya mlivyonavyo, someni maelezo ya kila kimoja, hata kamba, hata kopo tupu. Vijana wa leo mna haraka. Mtu hajakaa na gemu hata jioni moja, ameshakwenda kutafuta video ya mtu akimwonyesha njia ya mkato. Unajinyima. Aliyeonyeshwa mtego ulipo hajui kwa nini upo pale. Mimi sikusoma mwongozo wa mtu yeyote kuhusu nyama ya moshi, na ndiyo maana naweza kuwaandikia leo. Msinielewe vibaya, kuuliza si vibaya. Lakini ulizeni mkiwa mmeshafikiri.

Kwa wenye simu tu, na najua ni wengi, ipo Cataclysm: Dark Days Ahead. Ni ya bure kabisa na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutazama. Ilitokana na gemu ya awali iliyoitwa Cataclysm, na tangu mwaka 2013 inajengwa na watu wa kujitolea, mamia kwa mamia. Inafunguka kwenye kompyuta na kwenye Android, na ukishaipakua haikuombi bando. Stima ikipotea jioni, na mnajua zinavyopotea, simu yenye chaji inakutosha mpaka usingizi.

Unaanzia katika jengo la kujihifadhi huko New England, Marekani, wafu wanatembea nje. Wageni hutoka mlangoni wakakimbia, wakaliwa. Aliyetulia anatazama madirisha. Pazia ukilishusha linakupa shuka na kamba. Kamba, kijiti na jiwe ni mwanzo wa chombo. Tangi la choo lina maji, yachemshe. Ukila vya makopo tu siku nyingi bila tunda, mwili unakosa vitamini na unaugua kiseyeye, ugonjwa ule ule uliowamaliza mabaharia wa Kireno waliokuwa wakipita bahari yetu hii enzi za Vasco da Gama. Hata mifuko ya suruali imepimwa: kitu kirefu hakiingii kwenye mfuko mfupi, na aliyejaza vitu ovyo anapapasa wakati adui yuko mlangoni. Vitufe vyake ni vingi na vinachosha mwanzoni, hilo sitawaficha. Vumilieni.

Wenye mashine ya gemu ya PS2 kabatini mtafute Disaster Report, iliyotolewa na kampuni ya Irem mwaka 2002. Tetemeko limepiga kisiwa kilichojengwa na watu, majengo yanaporomoka, na wewe ni mwandishi wa habari mwenye kiu, unatafuta mfereji wenye maji. Huna bunduki. Ardhi ikitikisika unachutama, la sivyo unaanguka. Ni fupi na inaonyesha umri wake, lakini kwa mtu anayeishi kisiwani na kulitegemea daraja na feri kila siku, ina namna yake ya kukukaa akilini.

Kuna mwenzetu ataniambia maisha yenyewe ni ya kunusurika, bei ya unga iko juu, sasa kwa nini acheze tena shida? Nimelisikia sana. Mimi namjibu kwamba shida ya gemu ina haki. Ukijiandaa, unavuka. Kuni ulizozipanga kiangazi unazikuta zimekungoja, hakuna aliyezipandisha bei. Baada ya siku nzima ya kazi ambayo sioni matunda yake, nakaa saa moja mahali ambapo jasho langu linahesabiwa sawasawa. Sioni aibu kwa hilo, nanyi msione.

Kijana wa Kisauni aliyeniuliza aanze na ipi kwa sababu kompyuta yake ni kuukuu: zote tatu za kompyuta nilizozitaja ni nyepesi, usihofu. Anza na Cataclysm kwa kuwa hutoi senti. Ukiipenda, nenda kwenye tovuti ya UnReal World, matoleo ya zamani yanapakuliwa bure pale, na jipya utalinunua ukipata. Mhusika wako wa kwanza mwanzishe majira ya kuchipua, uwe na miezi ya joto mbele yako, na umpe ujuzi wa kuvua samaki kabla ya wa kuwinda. Ziwa likianza kuganda usilivuke haraka. Barafu changa inavunjika, na nguo zilizolowa kwenye baridi ile zinaua. Kuni kwanza. Ukikwama niandikie, uniambie ni msimu gani na una chakula gani mkononi, nitakujibu.