Shaba au alumini? Maswali yenu kuhusu waya, madini na sufuria

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tunamalizia nyumba yetu huku Kibaha, vyumba vitatu na sebule, sasa tumefika kwenye wayaringi. Fundi wa kwanza kaniambia nichukue waya wa shaba tupu. Fundi wa pili anasema huko ni kupoteza hela, upo waya mwingine bei yake nusu na ukiuangalia ni mwekundu vilevile, tena anasema mbona kule juu kwenye nguzo waya wote ni wa alumini na umeme unafika. Mume wangu yupo safarini, uamuzi umebaki kwangu. Tofauti ya shaba na alumini ni nini hasa, na yupi kati ya hawa mafundi anasema kweli? *Mama wa watoto wawili, Kibaha*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera, nyumba kufika kwenye wayaringi sio jambo dogo. Huyo fundi wa pili amekwambia ukweli mmoja na uongo mmoja, na ule ukweli ndo unaousaidia uongo upite, kwahiyo ngoja nivitenganishe.

Ukweli ni wa kwenye nguzo. Zile nyaya unazoziona juu ni alumini kweli, na nyingi katikati zina nyuzi za chuma za kuzipa nguvu zisikatike kwa uzito wake. Walioamua hivyo hawakuwa wanabana hela tu. Shaba inapitisha umeme vizuri kuliko alumini, ukichukua nyaya mbili za unene uleule alumini inapitisha kama asilimia 61 ya kile inachopitisha shaba. Lakini shaba ni nzito mno, sentimita moja ya ujazo ina gramu 8.96 wakati alumini ni 2.7 tu. Sasa piga hesabu: kilomita moja ya waya wa alumini wa milimita 100 za mraba ina kilo 270, ukitaka shaba ifanye kazi ileile unaweza kuipunguza unene mpaka milimita 61 za mraba na bado itakuwa na kilo karibu 550. Nguzo zinabeba mzigo nusu, zinaweza kuachana mbali zaidi, na alumini yenyewe bei yake kwa kilo ni chini ya theluthi ya shaba. Pale juu alumini imepata mahali pake, hakuna wa kubisha.

Ndani ya nyumba mambo yanabadilika, na hayabadiliki katikati ya waya, yanabadilika kwenye maungio. Alumini ukiikwangua tu, hewa inaivalisha hapohapo ngozi nyembamba ya oksidi. Ngozi hiyo ndo inafanya alumini isiliwe na kutu kama chuma, ila haipitishi umeme. Alafu alumini ikipata joto inatanuka kuliko shaba, ikipoa inarudi, na ni laini, yani ukiibana na skrubu inasogea kidogo kidogo kama udongo wa mfinyanzi. Leo umewasha birika la umeme, kesho pasi, waya unatanuka na kurudi, skrubu inalegea bila mtu kuigusa, pakilegea pana joto zaidi, joto likizidi panalegea zaidi. Na ikikutanishwa na shaba au shaba nyeupe (brasi) ya kwenye soketi, pakiwa na unyevunyevu kama wa huku pwani, alumini ndo inayoliwa.

Haya yalishatokea Marekani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 bei ya shaba ilipanda, wajenzi wakaingiza waya wa alumini kwenye nyumba nyingi sana mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, moto ukaanza kutokea kwenye soketi na swichi. Tume yao ya usalama wa bidhaa ilipofanya utafiti ilikuta nyumba zilizowekwa waya wa alumini kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi wa kuwa na maungio ya soketi yaliyofika hali ya kuwasha moto kuliko nyumba za shaba. Mara 55 mwanangu.

Sasa uongo. Huo waya "mwekundu vilevile" wa bei nusu, kwa maelezo yako naamini ni alumini iliyovishwa ganda la shaba. Waya wa namna hiyo upo na una kazi zake halali, kwa mfano kwenye kebo za antena ambako umeme wa mawimbi unapita nje nje kwenye ganda. Shida ni pale unapouzwa dukani kama shaba na unawekwa kwenye soketi ya kupigia pasi.

Mimi yamenikuta. Nyumba niliyokuwa nimepanga, soketi ya jikoni ilianza kutoa harufu ya samaki kila tukichemsha maji. Tulihangaika na ndoo ya taka, tukahamisha dagaa, tukaosha kabati, harufu ipo. Siku moja mke wangu akaweka mkono ukutani akasema hapa pana joto. Nikazima meni swichi nikaifungua ile soketi: plastiki imekuwa ya kahawia mpaka nyuma, ile skrubu niliizungusha kwa kidole tu ikaenda, na waya nilipouvuta ncha ikakatika mkononi, ndani nyeupe, pembeni ina unga wa kijivu. Watoto walikuwa wanalala chumba cha ukuta uleule. Ndo maana hili swali lako nimelisoma mara tatu. Na mwenye kusoma hapa akumbuke, ukisikia harufu ya samaki karibu na soketi na samaki hayupo, zima umeme kwanza.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji kipande cha waya kisicho na umeme, kirefu kama kiganja, ukichune. Kwangua kwa wembe, shaba ni nyekundu mpaka ndani, ule mwingine utatoa weupe baada ya kukwangua mara mbili tatu. (Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, hiyo ni kinyume chake, nyeupe nje nyekundu ndani, na ni nzuri.) Kama ni waya wa nyuzi nyingi toa uzi mmoja uuweke kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Shaba inayeyuka nyuzi joto 1085, kwahiyo itawaka nyekundu, itakuwa nyeusi, itabaki imesimama. Alumini inayeyuka 660, uzi mwembamba utalegea na kudondoka. Na kuna kipimo ambacho hakihitaji hata kuchuna, mizani: rola ya mita 100 ya waya wa 2.5 (yani milimita 2.5 za mraba), ule wa soketi, ukiwa wa njia moja, shaba yake tu bila plastiki inafika kilo 2 na robo, wakati alumini ya kipimo hichohicho haifiki hata robo tatu ya kilo. Ukibeba rola mbili mikononi utajua mwenyewe.

Kwahiyo fundi wa kwanza ndo anasema kweli. Chukua shaba tupu, 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na jiko la umeme lipate waya wake mnene peke yake. Pale umeme unapotoka nguzoni na alumini na kukutana na shaba ya kwako, kiungio chake kiwe kile maalumu cha kukutanisha hayo madini mawili, sio kusokotana na kuviringisha tepu. Pesa ikipungua bora upunguze idadi ya soketi kwa sasa, bomba za kupitishia waya ziache ukutani, utaongeza baadaye.

SWALI: Jambo mwalimu. Sisi wa Lubumbashi tumekulia juu ya shaba, mpaka mkoa wetu uliwahi kuitwa Shaba. Babu zetu waliiyeyusha wenyewe bila kiwanda. Sasa mbona alumini hakuna babu aliyeiyeyusha, na wanasema imejaa ardhini kuliko shaba? *Msomaji, Lubumbashi*

JIBU: Jambo sana ndugu yangu. Ni kweli, mkoa wenu wa Katanga huko Kongo uliitwa Shaba kuanzia 1971 mpaka 1997, na mababu walikuwa wakisubu misalaba ya shaba ambayo ilitumika kama pesa karne nyingi kabla ya Mbelgiji kufika. Huku pwani masultani wa Kilwa nao walipiga sarafu za shaba zenye majina yao, baadhi zikaja kuokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia.

Jibu lipo kwenye namna oksijeni inavyoshikana na kila moja. Lile jiwe la kijani la kwenu ukilichoma na makaa ya miti, ukapuliza kwa mivuo, kaboni ya makaa inakubali kuinyang'anya shaba oksijeni, shaba inabaki chini ya tanuru. Alumini kweli ni nyingi, ndo metali iliyojaa kuliko zote kwenye gamba la dunia, kama asilimia 8, hata udongo wa mfinyanzi unayo, lakini imeshikwa na oksijeni kiasi kwamba makaa ya babu hayawezi kuwatenganisha. Inahitaji umeme, tena umeme mwingi. Mwaka 1884 walipomalizia mnara wa Washington kule Marekani kile kichwa chake cha juu kabisa walikiweka cha alumini, kama kilo 2.8 tu, na ilikuwa inathaminiwa kama madini ya fedha. Miaka miwili baadaye, 1886, vijana wawili wasiojuana, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa wakati wake akagundua njia ileile ya kupitisha umeme kwenye oksidi iliyoyeyushwa, na bei ikaporomoka. Wote walizaliwa 1863, wote walifariki 1914.

Mpaka leo njia ni hiyo. Kilo moja ya alumini mpya inakula yuniti 13 mpaka 15 za umeme, hebu fikiria yuniti unazonunua nyumbani. Ila kuyeyusha alumini iliyokwishatumika kunataka kama asilimia 5 tu ya nguvu hiyo, kwahiyo yule kijana anayepita na mkokoteni akiita "skrepa, skrepa" kazi yake ni kubwa kuliko watu wanavyomchukulia.

SWALI: Mwalimu, sufuria zangu za alumini zinakuwa nyeusi ndani, nimeambiwa ni sumu. Nihamie za shaba? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Weusi wenyewe sio sumu, ni ile ngozi ya oksidi imebadilika kwa maji na madini yake, usiikwangue na steliwaya mpaka ing'ae maana ndo inayolinda sufuria. Vinavyoila ni magadi ya kwenye maharage, na vitu vichachu kama ukwaju, ndimu na nyanya vikikaa muda mrefu. Za shaba ziache, chakula kichachu kwenye shaba isiyopakwa bati ndani ni hatari zaidi, ndo maana dele la kahawa la zamani lilikuwa linarudishwa kwa fundi kupakwa bati upya.

Ninayoihofia ni sufuria ya kusubu mtaani kutoka skrepa zilizochanganywa, kwasababu nyingine zimepimwa zikakutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kama unayo isiyojulikana ilipotoka, iwe ya kubebea maji ya kuogea. Mchuzi wa ukwaju upikie kwenye chungu au sufuria ya stili, na kama huna, pikia hiyohiyo ya alumini ya kiwandani, ila ukiipua tu mimina kwenye bakuli, usiache ulale humo.