Kocha mzee amekataa cheti cha polisi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa klabu ya watoto ya kuogelea. Kamati imeamua kila anayefanya kazi na watoto alete cheti cha tabia njema kutoka polisi. Kocha wetu mkuu, mzee aliyefundisha hapa miaka 19, amekataa. Anasema tunamfanya mshukiwa uzeeni. Wazazi wengi wako upande wake. Nimlazimishe au nimwache?

Jibu: Marahaba, mwanangu.

Namwelewa mzee huyo. Nilifundisha wasichana mpira wa wavu kwa miaka mingi, na nilipoambiwa nikachukuliwe alama za vidole nilikuwa na miaka 53. Nilirudi nyumbani vidole vyeusi kwa wino, nikanuna siku mbili nzima. Mke wangu alicheka, jambo ambalo halikusaidia. Lakini wiki ile ile msaidizi wangu mmoja, kijana aliyekuwa na sababu mia za kutokwenda, aliaga ghafla na hakurudi tena. Sijui alikuwa anakwepa nini, na sitamsingizia. Ninachojua ni kwamba kama mimi ningesamehewa kwa sababu ya mvi zangu, naye angedai asamehewe. Mwambie mzee hivyo, kwa maneno yako.

Usimwambie mbele ya wazazi, tafadhali. Kwanza leta cheti chako mwenyewe, na cha mwenyekiti, na cha mweka hazina, ndipo mwende nyumbani kwake mkiwa navyo mkononi. Ada ilipwe na klabu. Akikataa hata hapo, asifundishe mpaka akilete. Sina huruma zaidi ya hiyo.

Ila msikipate cheti mkalala. Karatasi ile inasema tu kwamba mtu hajawahi kutiwa hatiani. Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani, alikamatwa mwaka 2016 akiwa ameshawadhulumu wasichana kwa miaka mingi. Siku moja kabla ya hapo rekodi yake ingesomeka safi. Wasichana walikuwa wamesema, wakubwa hawakuwasikiliza. Kwa hiyo pigeni simu klabu alikotoka kila kocha mpya. Msiulize kama ni mtu mzuri, kila mtu atasema ni mzuri. Ulizeni: "Akirudi leo kuomba kazi, mtampa?" Kisha sikilizeni vizuri ule ukimya kabla ya jibu. Na mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, wala asimwandikie ujumbe wa simu ambao mzazi hauoni. Hilo ni kwa wote, hata mwenye cheti kipya.

Jambo la mwisho. Mwaka 2002, mjini Soham, Uingereza, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtunza majengo wa shule. Tuhuma za nyuma dhidi yake zilijulikana kwa polisi wa eneo jingine, na shule iliyomwajiri haikuambiwa. Hakuwa mwalimu wala kocha. Barua yako imemtaja kocha tu. Asubuhi, kabla kocha hajafika, vyumba vya kubadilishia nguo hufunguliwa na nani? Na yule anayeendesha basi la mashindano?