Hatua kumi hospitalini
Dada, umesema mwanao alinyimwa alama kwenye kipimo cha ulemavu kwa kuwa alijikongoja mwenyewe hatua kumi hadi mezani kwa daktari; hicho ni kichekesho. Sakafu ya hospitali ni tambarare; vichochoro vya Lamu vina ngazi na punda, na ukitoka Mokowe, upande wa bara, lazima upande boti. Mdogo wangu alipimwa hivyohivyo: inua mkono, kaa, simama, basi. Hakuna aliyeuliza nani humwogesha. Na zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa fedha wasiojiweza, ni za mwenye ulemavu mkubwa, anayehitaji mlezi saa zote, kwa hiyo swali la mlezi ndilo lenyewe. Omba apimwe tena, uingie naye, ueleze usiku wake ulivyo. Na usimvishe kanzu ya Idi, wakadhani hana shida!