Kompyuta Ikikwambia Huna Ruhusa, Uliza Kwanza Nani Amekataa

Mwalimu mmoja wa Langoni aliniletea diski aliyoifunga kwenye leso. Laptopu yake ilikuwa imekufa. Hewa ya chumvi ya hapa Amu, yaani Lamu, ilikuwa imeila bodi hadi haikutengenezeka tena. Diski yenyewe ilikuwa nzima. Niliichomeka kwenye kompyuta yangu, nikaliona folda lenye jina lake, na nilipolibofya ukatoka ujumbe kwamba kwa sasa sina ruhusa ya kulifungua. Kijana niliyekuwa nikimfundisha wakati huo alisema papo hapo, "Fundi, hii ina virusi, tuifomati." Ndani ya folda lile mlikuwa na maandalizi ya masomo ya miaka sita na picha za marehemu mamake.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii kwa sababu ya neno lile la kijana. Ujumbe wa kukataliwa unawatia watu hofu au hasira, na fundi mwenye hofu au hasira hukimbilia kufuta. Jifunzeni kuuliza: ni nani amekataa? Jibu likishajulikana, dawa huwa fupi.

Nyumba zetu za zamani huko Mkomani zinalieleza jambo hili vizuri. Mgeni hupiga hodi akakaribishwa kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni. Anayejulikana zaidi hupita hadi kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani. Vyumba vya ndani ni vya wenyewe. Hakuna aliyetukanwa kwa kuachwa dakani. Ndivyo nyumba ilivyojengwa. Windows nayo imejengwa hivyo tangu Windows NT ya mwaka 1993, ilipokuja na mfumo wa diski uitwao NTFS. Kila faili na kila folda lina mmiliki, na lina orodha ya nani aruhusiwe kusoma, nani kuandika, nani kufuta.

Wengi hudhani orodha hiyo inaandikwa majina. Hapana. Kila akaunti hupewa namba ndefu, aghalabu inayoanza na S-1-5-21, na orodha huishika namba hiyo. Jina unaloliona kwenye kioo ni la kukurahisishia kusoma tu. Kwa hiyo ukiweka Windows upya, ukafungua akaunti yenye jina lile lile na paswadi ile ile, kwa kompyuta wewe ni mtu mwingine kabisa. Ndilo lililompata mwalimu. Diski yake ilikuwa inamtambua mtu ambaye mashine yangu haikumjua, na ukifungua sehemu ya usalama ya folda utaiona namba hiyo ikiwa tupu, bila jina. Ukiiona namba tupu, tulia. Mwenye nyumba amehama, na mali yake ingalipo.

Mara nyingi Windows yenyewe hukupa kitufe cha kuendelea. Ukikibofya, na wewe ni msimamizi wa mashine ile, akaunti yako huongezwa kwenye orodha ya folda lile na hubaki humo daima. Kwa diski ya mtu mwingine mimi sipendi hivyo. Napendelea kunakili bila kugusa orodha. Fungueni kidirisha cha amri kama msimamizi, kisha muandike robocopy "E:\Users\mwalimu" "D:\nakala" /e /b /xj /r:1 /w:1. Hapo E ni diski ya mteja, na D ni pale nakala inapokwenda. Ile /b huiambia programu isome kwa haki ya anayeweka akiba, ambayo msimamizi anayo, kwa hiyo orodha ya ruhusa haimzuii. Ile /xj huizuia isifuate njia za mkato za ndani. Mbili za mwisho msizisahau kamwe: bila hizo, robocopy ikikuta faili bovu hujaribu tena mara 1,000,000, ikingoja sekunde 30 kila mara. Nimewahi kwenda kuswali Alasiri nikarudi nikaikuta bado kwenye faili moja.

Kama ni lazima kuchukua umiliki, kwa mfano diski itabaki kutumiwa kwenye mashine mpya, basi kuna amri mbili, takeown na icacls. Ya kwanza hukufanya mmiliki, ya pili hukuandika kwenye orodha. Zote mbili huhitajika kwa pamoja, maana mmiliki asiyejiandika kwenye orodha bado hawezi kusoma. Ana haki ya kuibadilisha orodha tu. Na mzitumie kwenye folda la mwenyewe, basi. Mwaka wangu wa kwanza nilimpa kila mtu ruhusa kamili kwenye diski nzima ya C ya mteja ili kumaliza usumbufu. Baada ya kuwasha upya, menyu ya kuanzia haikufunguka, na huduma kadhaa za mfumo zikakataa kuanza. Faili za mfumo zina mmiliki wake, TrustedInstaller, na Windows inategemea iwe hivyo. Niliiweka Windows upya kwa gharama yangu, na mteja nikamweleza kweli yote.

Kuna mtego mmoja ambao kila mwanafunzi wangu ameuingia. Kwenye diski ya C, ukiruhusu vitu vilivyofichwa vionekane, utaliona folda liitwalo Documents and Settings. Ukilibofya, unakataliwa, hata uwe msimamizi. Wanafunzi hulishambulia kwa saa nzima. Halina kitu. Tangu Windows Vista mambo yale yako kwenye Users, na lile ni kibao tu kinachoelekeza programu za zamani mahali papya, kimewekewa kizuizi makusudi ili watu wasitangetange humo. Liacheni.

Na msimamizi naye si msimamizi kila dakika. Tangu Vista hiyo, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, hata mwenye akaunti ya usimamizi huendesha programu zake kwa haki za kawaida hadi akubali pale kioo kinapotiwa kiza na kuulizwa. Kwa hiyo mteja akilalamika, "Mimi ndiye mwenye mashine, kwa nini inanikatalia?", jaribuni kwanza kuifungua programu ile kwa kubofya kitufe cha kulia na kuchagua iendeshwe kama msimamizi. Kazi nyingi zinaishia hapo. Lakini msimzoeze mteja kukubali kila swali la kioo kile. Swali lile limewaokoa watu wengi.

Sasa upande wa vizuizi, ambao ni jambo jingine kabisa ingawa maneno yanafanana. Ukisoma kwamba kitendo kimefutwa kwa sababu ya vizuizi vilivyowekwa kwenye kompyuta, na kwamba umwone msimamizi, hapo faili halina neno. Kuna amri iliyoandikwa mahali. Kwenye kompyuta ya nyumbani mteja atakwambia, "Msimamizi gani? Ni mimi na watoto wangu." Na anasema kweli.

Njia ninayoipenda ni kufungua akaunti mpya ya usimamizi na kuingia nayo. Kama kizuizi hakipo kule, basi kimeandikwa kwenye akaunti ya zamani peke yake, na utakikuta kwenye rejista ya akaunti hiyo, lile daftari la mipangilio ya Windows linalofunguliwa kwa regedit, chini ya HKEY_CURRENT_USER, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Policies. Mtakuta majina kama DisableTaskMgr, DisableRegistryTools, NoControlPanel au RestrictRun, yakiwa na thamani ya 1. Virusi vya flashi vinapenda sana kuyaandika haya, ili usiweze kuona kinachoendeshwa wala kukiondoa. Safisheni virusi kwanza, kwa skani kamili, ndipo mfute majina yale. Mkianza na rejista, mkiwasha tena mtayakuta yamerudi. Msipoteze muda kutafuta gpedit, chombo cha kuhariri vizuizi hivi, kwenye toleo la Home, halimo.

Kama akaunti mpya nayo imezuiwa, tazameni kwenye mipangilio ya akaunti, pale pa kuunganishwa na kazi au shule. Laptopu nyingi zinazofika hapa kwa boti kutoka Mokowe ni za mitumba, zilizowahi kuwa mali ya makampuni. Mara nyingine kuna akaunti ya kazi iliyosahauliwa, na mwenye nayo akiitoa kwa hiari mambo huisha. Lakini ukiiwekea Windows upya na bado, mara tu ikipata intaneti, ikadai anwani ya kampuni fulani, mashine hiyo ingali imesajiliwa kwa kampuni ile. Hapo mimi huifunga, nikamwambia mteja airudishe kwa aliyemuuzia. Siwezi kujua kama iliuzwa au iliibwa, na mkono wangu hauingii.

Kijana wa kidato cha pili alikuja na laptopu inayojifunga saa tatu usiku na kukataa michezo. "Ami, niondolee hii." Niliona ni akaunti ya mtoto, iliyowekwa chini ya akaunti ya mzazi. Ningeweza kujaribu njia. Nilimpigia babake mbele yake. Babake alicheka, akasema muda ule aliuweka wakati wa mitihani akasahau. Aliubadilisha mwenyewe kwa simu, akiwa Shela. Kizuizi chenye mwenyewe huondolewa na mwenyewe.

Nyingine nazipita haraka. Flashi na kadi za kumbukumbu kwa kawaida hutumia mifumo ya diski ya FAT32 au exFAT, ambayo haina orodha ya ruhusa wala mmiliki, kwa hiyo zikikataa, tafuteni kwingine: kile kitufe kidogo cha ubavuni mwa kadi, au mfumo wa diski ulioharibika kwa kuchomolewa ghafla au stima kupotea. Nakilini kinachosomeka kabla ya kuendesha chkdsk, ile amri ya kukagua na kurekebisha diski. Faili linalosema linatumika na programu nyingine halijakukataza. Ifungeni programu hiyo. Na programu ikishindwa kuhifadhi kwenye Documents huku ikidai faili halipatikani, angalieni kwenye Usalama wa Windows sehemu ya ulinzi dhidi ya programu za kudai kikombozi. Kuna ulinzi wa mafolda humo, na ukiwa umewashwa huzizuia programu ambazo Windows haiziamini nawe hujazitaja.

Kuna kukataliwa kumoja ambako ruhusa haikusaidii. Matoleo ya Pro yanaweza kuyafunga mafaili kwa usimbaji uitwao EFS. Kwenye Windows za zamani majina yake huwa ya kijani, kwenye mpya huwekewa alama ya kufuli. Ufunguo wake unakaa ndani ya akaunti ya mwenyewe. Ukiifomati diski ya mfumo bila kuuhifadhi ufunguo, unaweza kuwa mmiliki, ukajiandikia ruhusa zote, na usisome hata herufi moja. Kabla ya kufomati mashine ya mtu yeyote, pitisheni macho mkitafuta kijani au kufuli, na mkiona, mwambieni mwenyewe auhamishe ufunguo kwenye flashi kwanza.

Mama mmoja wa Matondoni alikuja kwangu baada ya fundi mwingine kufomati. Picha za harusi ya bintiye zilikuwa kwenye diski ya pili, zote zikiwa na kufuli. Nilijaribu siku mbili. Nilimrudishia diski kama ilivyokuja, sikufuta chochote, nikamwandikia kwenye karatasi aina ya faili la ufunguo, mwisho wake .pfx, ili wanawe waitafute kwenye flashi zote za nyumbani na kwenye barua pepe za zamani. Diski ile ameiweka kabatini, ndani ya mfuko usiopitisha unyevu. Karatasi iko pamoja nayo.