Wi-Fi ya ofisi inakubali asubuhi, inakataa mchana: tofautisha kukataliwa na kunyamaziwa

"Wi-Fi inasumbua." Mara nyingi fundi wa mtandao haelezwi zaidi ya hapo, na mkono wake hukimbilia kuzima na kuwasha AP, kifaa kinachorusha Wi-Fi. Hali inatulia nusu saa, watu wanarudi kazini, kisha malalamiko yanaanza upya. Ubaya wa kuzima na kuwasha ni kwamba unafuta ushahidi. Kabla hujagusa kifaa chochote, chukua mambo matatu kwa aliyekwama: anwani ya MAC ya kifaa chake (namba inayokitambulisha mtandaoni), mahali alipokuwa ameketi, na dakika aliyokataliwa. Usikubali "asubuhi asubuhi". Akisema saa 2:47, kwenye logi (kumbukumbu ya matukio) ya Windows utatafuta 08:47, na kama kontrola ya AP, yaani mfumo unaozisimamia, imeachwa kwenye UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, humo tukio lilelile limeandikwa 05:47. Kuna watu wanasoma logi sahihi kwa saa isiyo sahihi, halafu wanasema seva haikuona kitu.

Hapa tunazungumzia mitandao ya WPA2-Enterprise na WPA3-Enterprise, ambako kila mfanyakazi anaingia kwa jina na nenosiri lake au kwa cheti, na AP inapeleka ombi kwenye seva ya RADIUS likahakikiwe. Mifano ni ya NPS, seva ya RADIUS ya Windows. Mwenye FreeRADIUS, seva nyingine ya RADIUS, atayaona mengi ya haya akiiendesha kwa `freeradius -X`.

Kushindwa kuingia kuna sura mbili, na kwenye skrini ya mtumiaji zinafanana. Ama seva imejibu hapana, ama hakuna jibu lililorudi. Hapana hutoka kwenye akaunti, cheti au sera. Ukimya hutoka njiani: faiawoli, anwani ya IP iliyobadilika, seva iliyozidiwa. Ukianza kubadilisha manenosiri ya watu ilhali pakiti zao hazifiki kwenye seva, utamaliza wiki nzima bila kusogea.

Ili ujue uko upande gani, hakikisha NPS inaandika matukio. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, uandike:

`auditpol /set /subcategory:"Network Policy Server" /success:enable /failure:enable`

Kisha nenda Event Viewer, kwenye logi ya Security. Namba 6272 ni aliyekubaliwa, 6273 aliyekataliwa, 6274 ni ombi lililotupwa bila kujibiwa. Tafuta dakika uliyopewa. Ukikuta 6273, shuka hadi kwenye Reason Code.

Namba 16 ndiyo utakayoiona sana, na maana yake ni kwamba utambulisho haukulingana: jina, nenosiri, au cheti kisichoweza kuunganishwa na akaunti. 48 ina maana hakuna sera iliyomfaa, kwa kawaida mtu hayumo kwenye kundi linaloruhusiwa. 66 ni njia ya uhakiki ambayo sera haijaikubali. 22 na 23 zinakuelekeza kwenye EAP (utaratibu wa kubadilishana utambulisho) na vyeti. Anza kwa kuangalia kama cheti cha seva kimeisha muda, au kama seva ya pili, ile ya akiba, ina cheti cha mamlaka ambayo simu na laptopu hazijawahi kuiamini.

Hiyo 16 inastahili muda wako, maana ndiyo inayozaa tatizo la "mara inaingia, mara haiingii". Mfanyakazi amebadilisha nenosiri kwenye kompyuta. Simu yake ndani ya mkoba bado imeshika la zamani, na inajaribu tena na tena bila yeye kujua. Baada ya majaribio kadhaa akaunti inafungwa, tuseme dakika 30 kama sera ndivyo inavyosema, halafu inafunguka yenyewe. Laptopu inaingia, simu inaendelea kugonga, akaunti inafungwa tena. Kwenye domeni kontrola (seva inayotunza akaunti) yenye jukumu la PDC utaona tukio 4740, la akaunti kufungwa, lakini jina la kompyuta iliyosababisha huenda likawa la seva ya NPS yenyewe. Usianze kuichunguza seva. Rudi kwenye 6273 za mtu huyo usome Calling Station Identifier, ambayo ni MAC ya kifaa kinachogonga.

Ukiikosa MAC hiyo kwenye daftari la vifaa vya ofisi, tazama herufi yake ya pili. Ikiwa ni 2, 6, A au E, ni MAC ya kubuniwa na kifaa chenyewe, jambo ambalo simu zinafanya kwa kawaida tangu Android 10 na iOS 14. Hapo fuata Called Station Identifier: inakutajia AP, na AP inakutajia chumba. Dawa yake ni kuufuta mtandao huo kwenye simu na kuuweka upya. Ukimfungulia akaunti tu, baada ya muda mfupi atarudi kwako.

Kwa wanaotumia cheti, yaani EAP-TLS, 16 ina chimbuko jingine. Masasisho ya Windows Server yaliyoanza Mei 2022 yanataka cheti kiunganishwe imara na akaunti, na kuanzia Februari 2025 domeni kontrola zilizosasishwa zinakataa cheti kisichounganishwa hivyo. Ukiwa na domeni kontrola mbili, moja imesasishwa na nyingine haijaguswa, cheti kilekile kitapita au kitakataliwa kutegemea kontrola iliyoulizwa. Tafuta tukio 39 kwenye logi ya System ya domeni kontrola, kisha toa vyeti upya.

Kundi la laptopu chache linaweza kuwa na kisa chake. Windows 11 toleo 22H2, kwa matoleo ya Enterprise na Education, huwasha Credential Guard, kinga ya manenosiri, yenyewe kwenye mashine zinazokidhi masharti, na PEAP-MSCHAPv2, njia ya kuingia kwa nenosiri, haiwezi tena kutumia nenosiri ambalo mtu amelitumia kuingia kwenye Windows. Usiizime kinga hiyo. Panga kuhamia EAP-TLS. Na laptopu ambayo betri ya CMOS (inayotunza saa) imekufa huamka na tarehe ya miaka ya nyuma, ikaona cheti cha seva hakijaanza kutumika. Rekebisha saa, badilisha betri ya CR2032.

Sasa ukimya. Dakika ni sahihi, mtumiaji alikwama kweli, na Security haina 6272 wala 6273. Tazama logi ya System upande wa NPS. Tukio 13 linasema ombi limetoka kwenye IP ambayo seva haiitambui: AP mpya haikusajiliwa, au AP ya zamani imepewa anwani nyingine na DHCP, huduma inayogawa anwani za IP, baada ya umeme kukatika. Hii inaeleza kwa nini wanaolalamika ni wa kona moja ya jengo. Zipe AP anwani zisizobadilika. Tukio 18 linaashiria siri ya RADIUS, neno ambalo AP na seva hutumia kutambuana, kutolingana. Iandike upya pande zote mbili, ukichunga nafasi iliyojificha mwishoni unaponakili.

Kama hata hayo hayapo, weka Wireshark, programu ya kunasa pakiti, kwenye seva na uchuje `udp.port == 1812`, mlango wa RADIUS. Ombi lisipofika, kagua faiawoli za njiani. Likionekana lakini seva haijibu, kagua faiawoli ya Windows yenyewe, maana Wireshark huiona pakiti kabla faiawoli hiyo haijaizuia. Windows Server 2019 ina kasoro ambayo kanuni zake za faiawoli za NPS zipo lakini hazifunguki. Andika `sc.exe sidtype IAS unrestricted`, kisha uwashe seva upya. Kasoro hii hujificha sana inapokuwa kwenye seva ya akiba. Seva ya kwanza ikichelewa kidogo, AP zinaihesabu imekufa na kuhamia ya pili, ambayo haijawahi kujibu mtu. Dakika kadhaa hakuna anayeingia, halafu mambo yanajirudi yenyewe. Kila miezi michache izime seva ya kwanza kwa makusudi, jioni, uone kama ya pili inabeba.

Diski ya C nayo itazame. NPS huja ikiwa imewekewa alama ya kutupa maombi pale inaposhindwa kuandika logi, kwa hiyo diski ikijaa, uhakiki unasimama.

Ombi linafika, Access-Challenge (jibu la seva la kudai utambulisho zaidi) inatoka, halafu mazungumzo yanakatika katikati? Pakiti zenye vyeti zinapita baiti 1500, zinakatwa vipande, na VPN kati ya tawi la Mwanza na seva ya Dar es Salaam inadondosha kipande cha pili. Wa nenosiri wanapita, wa cheti wanakwama. Kwenye sera ya NPS ongeza Framed-MTU, kikomo cha ukubwa wa pakiti, yenye thamani 1344, na uruhusu vipande vya UDP njiani, kwa kuwa mpangilio huo hauzuii kila pakiti kubwa inayotoka upande wa mtumiaji.

Wakikwama wote kati ya saa 2:00 na saa 3:00 asubuhi tu, pima foleni ya Netlogon, huduma inayopeleka maombi ya uhakiki kwa domeni kontrola. Katika Performance Monitor chagua Netlogon, Semaphore Timeouts. Ikipanda juu ya sifuri wakati watu wanaingia, maombi ya MSCHAPv2 yanasubiriana kuelekea domeni kontrola. Tangu Windows Server 2012 kikomo ni 10 kwa wakati mmoja. Kiongeze kwa MaxConcurrentApi kwenye rejista (Registry) ya Windows, chini ya Netlogon\Parameters.

Mwisho, ukikuta 6272 na bado mtu analalamika, RADIUS haina kosa. Tazama IP yake. Ikianza na 169.254, DHCP haikumpa kitu. Mtandao wa /24 una anwani 254, na DHCP ya Windows huzikopesha kwa siku 8. Simu zenye MAC za kubuniwa huongeza wakopaji. Punguza muda uwe saa 8, au panua hadi /23. Kisha jaribu saa ileile na mahali palepale aliposema mlalamikaji, maana tatizo la msongamano wa saa 2:30 asubuhi halionekani ukilipima saa 4 usiku ofisi ikiwa tupu.