Titi limerudi ila halina chuchu: Anti anajibu barua za Tandahimba na Lindi

SWALI: Shikamoo Anti. Mie ni mama wa watoto watatu, miaka 44, naishi Tandahimba, kazi yangu korosho. Mwaka juzi nilikatwa titi la kushoto sababu ya kansa, nikachomwa dripu zote za dawa ya kansa, nikaenda na mionzi hospitali ya Ocean Road Dar nikamaliza. Mwaka huu mwezi wa kwanza wakanitengenezea titi hukohuko Dar kwa nyama na ngozi ya mgongoni, nashukuru Mungu nguo zinakaa, ila nikivua kanga naliona liko tupu, kama jicho halina mboni. Nimesikia chuchu nayo inatengenezwa. Wifi yangu ananisema eti mtu mzima na watoto unatafuta nini tena, mwingine kaniambia lazima wakate ya upande wa pili, halafu mie Muislamu na nasikia wanachora tatuu. Naogopa hata kumuuliza daktari, ataniona malaya.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo neno malaya maana limeniuma. Umepita kwenye kisu, dripu na mionzi, leo unataka mwili wako ukukalie vizuri ukijitazama, umalaya uko wapi hapo? Daktari aliyekutengenezea titi anajua kabisa chuchu ndo hatua inayofuata, wengi wao wanasubiri mwenyewe useme. Kliniki ijayo muulize, na wifi mwambie anayeoga na huo mwili ni wewe.

Chuchu inatengenezwa ndio, na si lazima waguse upande wa pili. Kukata kipande cha chuchu ya lile titi zima na kupandikiza kupo, ila ni kwa mwenye chuchu kubwa na aliyekubali, maana ile nzima inaweza kupungua hisia. Njia wanayotumia sana ni ngozi ya hapohapo kwenye titi jipya. Daktari anachora umbo lenye mabawa, anakata ngozi na mafuta kidogo chini yake lakini shina halikatwi, damu inaendelea kupita pale, halafu anayanyanyua yale mabawa anayazungushia kama unavyokunja karatasi ya kuuzia karanga, anashona, imesimama. Mara nyingi ni ganzi tu na haifiki hata saa nzima, siku hiyohiyo unarudi ulikofikia. Halafu una bahati moja, ngozi ya mgongoni haikupigwa mionzi, na ngozi iliyopigwa mionzi ndo inayosumbua kupona, kwa hiyo chuchu ikikaa kwenye hiyo ya mgongo uko vizuri zaidi.

Wanasubiri kama miezi mitatu mpaka sita toka titi litengenezwe, uvimbe uishe, titi likae pale litakapokaa, la sivyo chuchu itakuja kuangalia kwapani. Sehemu ya kuiweka inapimwa umekaa au umesimama, sio umelala, na una haki ya kusema. Kabla hujaenda chukua kipande cha plasta kata duara, bandika mbele ya kioo, sogeza mpaka uone hapa ndo penyewe.

Sasa usije ukashtuka, ikitoka itakuwa kubwa kuliko ya upande wa pili, wanafanya makusudi kwa sababu ndani ya mwaka wa kwanza inanywea, inaweza kupungua hata nusu. Haitakuwa na hisia kama ya kuzaliwa, haitatoa maziwa, haitasimama kwa baridi wala kulala kwa joto, itabaki vilevile. Nakwambia mapema maana nimeona mwanamke analia wiki ya tatu kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Hilo la tatuu, ni kwa ajili ya lile duara jeusi linalozunguka chuchu, linafanywa baadaye kidonda kikishapona kabisa, kama miezi mitatu hivi. Bibi zetu wa Kimakonde walichanjwa chale na kupakwa masizi ya mbarika, rangi ikabaki chini ya ngozi, basi hii nayo ni rangi chini ya ngozi ila kwa sindano safi, na miaka ikienda inafifia inabidi irudiwe. Kama dini inakukwaza kaa na shehe wako umweleze wazi kwamba unarekebisha kilichoondolewa na ugonjwa, hujipambi. Na kama roho bado inakataa ipo njia nyingine, wanachukua ngozi ya ndani ya paja karibu na kinena, kule ngozi ni nyeusi zaidi yenyewe, wanaipandikiza duara. Ila kama una makovu yanayoota na kuvimba mwambie daktari kabla ya lolote, hata sindano ya tatuu inaweza kuyaamsha.

Wiki za mwanzo chuchu isigandamizwe na kitu. Wanaweka shashi nene yenye tundu katikati, kama kata ya kubebea ndoo, ili chuchu ikae ndani bila kulaliwa. Ncha ikiwa nyeusi, au pakitoka usaha na homa, usingoje tarehe ya kliniki, nenda hospitali ya Ligula au ile ya Rufaa ya Kanda pale Mitengo, Mtwara. Sigara na ugoro acha wiki kadhaa kabla na baada, damu ya kufikia ngozi inapungua na chuchu inaweza kufa. Sukari nayo iwe imetulia.

Na salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, mdogo wangu! Msimu wa kupulizia ndo huu, usibebe ile mashine, mgongo wako wameshautoa nyama na kidonda kibichi hakitaki vumbi lile. Chuchu haina haraka, ningekuwa wewe ningengoja mnada ulipe, korosho ziishe, nipande basi la Dar nikiwa na nauli na rufaa mkononi. Kama unameza vidonge vya tamoksifeni, vile vya kuzuia kansa isirudi, usiviache kwa sababu ya hii, mpaka daktari wako mwenyewe aseme, na titi la kulia endelea kupima.

SWALI: Anti, mama yangu yuko Lindi mjini, alikatwa titi na hataki upasuaji tena, ila harusi ya mdogo wangu inakuja na anatamani gauni likae.

JIBU: Asilazimishwe, kifua bapa kilichopona ni kifua kizima. Tafuteni titi la silikoni la kuweka ndani ya sidiria, mengine yana chuchu kabisa, au fundi ashone mfuko kwenye sidiria mjaze pamba na uzito kidogo ili bega lisipande upande mmoja. Chuchu za silikoni za kubandika zipo pia, zinaoshwa kwa sabuni na kutolewa usiku, ila kwa joto la Lindi jasho linazibandua, kwa hiyo siku ya harusi abandike mwisho kabisa, kabla tu ya kuvaa, ngozi ikiwa kavu.