Mlipuko Mkuu: je, namkana Muumba?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nasoma fizikia chuoni, mwaka wa pili. Tunafundishwa kwamba ulimwengu ulianza na Mlipuko Mkuu miaka bilioni 13.8 iliyopita. Nilipoligusia jambo hili kwenye jumuiya yetu, katekista alinionya kwamba hayo ni mafundisho ya wasioamini. Wiki iliyofuata rafiki yangu akanipeleka kwenye maombi ya vijana, na mhubiri wa huko akasema kinyume kabisa: eti Mlipuko Mkuu ni uthibitisho wa kisayansi wa Mwanzo 1:1. Nimsikilize nani? Na nikiiandika hiyo miaka bilioni 13.8 kwenye mtihani, naikana imani yangu?

JIBU: Milele amina, mwanangu. La mtihani nalijibu kwanza ili ulale usingizi: andika. Wala usilipeleke kwenye kitubio.

Sasa tuje kwa hao wawili. Nadhani katekista wako hajapata kuambiwa kwamba wazo hilo lilitoka kwa padre. Georges Lemaître, Mbelgiji, alizaliwa mwaka 1894, akapigana Vita Kuu ya Kwanza upande wa mizinga, akapewa daraja ya upadre mwaka 1923. Miaka minne baadaye, akiwa mwalimu katika chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji, alizichukua kanuni za Einstein (hesabu zake mimi sizimudu, wewe labda utazimudu) akaonyesha kwamba ulimwengu haukutulia mahali pamoja bali unapanuka. Ndiyo maana nuru ya galaksi za mbali hutufikia mawimbi yake yakiwa yamevutika, na rangi yake kusogea kuelekea wekundu. Einstein alipokutana naye Brussels mwaka huohuo alimwambia kwamba hesabu ni sahihi, ila fizikia yake inachukiza. Mwaka 1931 Lemaître akapiga hatua nyingine: ukiurudisha nyuma ulimwengu unaopanuka, utafika pale vyote vilipokuwa kitu kimoja tu, akakiita atomu ya asili.

Hapo kuna kichekesho. Wakati katekista wako anaona harufu ya ukanamungu, wako wanasayansi waliomshuku Lemaître kwa sababu ya kanzu yake, wakihisi anapenyeza kitabu cha Mwanzo kwenye fizikia. Hata jina la Mlipuko Mkuu alilitoa mpinzani wake, Mwingereza Fred Hoyle, redioni BBC mwaka 1949.

Basi mhubiri ndiye mwenye haki? Hapana. Kusema kweli, yeye ndiye anayenitia wasiwasi zaidi.

Novemba 1951 Papa Pius XII aliihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, akazungumza kama vile elimu ya nyota imelishuhudia lile neno la kwanza, "Iwe nuru". Ungetazamia Lemaître ashangilie. Hakupendezwa. Kwake nadharia ile ilikuwa jambo la fizikia, muumini na asiyeamini wote wana ruhusa ya kuipima, na hakutaka igeuzwe nguzo ya Kanisa. Mwaka uliofuata, Papa alipozungumza na wataalamu wa nyota waliokusanyika Roma, hoja ile hakuirudia.

Fikiri kidogo kwa nini. Mwaka 1948 Hoyle na wenzake wawili walitoa nadharia nyingine, kwamba ulimwengu hauna mwanzo wala haubadiliki kwa jumla. Kwa miaka kadhaa haikujulikana nani atashinda. Mizani ilielemea upande wa Lemaître baada ya 1964, pale wanasayansi wawili wa Marekani, Penzias na Wilson, walipokutana na mvumo usiokoma kwenye antena yao huko New Jersey, ambao ni mabaki ya joto la ulimwengu mchanga. Habari hizo zilimfikia Lemaître akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufariki Juni 1966. Je, antena ile ingekuwa kimya, tungeacha kusali Nasadiki?

Mtakatifu Thoma wa Akwino alikuwa ameshalisema katika karne ya 13: akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu una mwanzo, hilo tunalishika kwa imani. Na hata kama ungekuwapo tangu milele, bado ungemhitaji Mungu. Watu wengi hudhani kuumba ni kama kusukuma gari bovu: likishawaka, msukumaji anabaki nyuma analitazama linavyokwenda. Sivyo Kanisa linavyofundisha. Mungu anaushikilia ulimwengu uwepo sasa hivi, unaposoma maneno haya, sawasawa na siku ile ya kwanza. Darubini hupima mambo yalivyobadilika kutoka hali moja kwenda nyingine. Kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwapo chochote, hilo halina kipimo maabara.

Katika rasimu ya barua yake ya mwaka 1931 kwa jarida la Nature, Lemaître alikuwa ameweka mwishoni aya moja juu ya Mungu aliyefichika, ukumbuke Isaya 45:15. Kisha akaikata kwa kalamu kabla haijachapwa. Hakuwa amemwonea Mungu haya, maana misa aliendelea kuadhimisha. Aliona tu kwamba pale si mahali pake.

Kuhusu katekista, usimdharau. Anailinda imani yako kwa silaha aliyopewa. Lakini Mtakatifu Augustino naye alionya kwamba Mkristo akizungumza ovyo juu ya nyota kwa jina la Maandiko, anayezijua nyota atamcheka, na baadaye hatamsikiliza juu ya ufufuko. Mfuate nyumbani kwake siku moja, si mbele ya jumuiya nzima, umsimulie habari za huyo padre wa Louvain.